Shule Zafunguliwa Jumatatu: Niwapeleke au Niwaweke?

Bi Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni. Wa kwanza ni msichana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Wa pili ni mvulana wa Gredi ya 2, naye ana pumu. Wa mwisho alikuwa ndio kwanza ameanza PP1 ya chekechea, hata wimbo wa asubuhi hajaushika, shule zikafungwa. Tunaishi na mavyaa wangu. Ana sukari na presha, na ndiye aliyenilelea watoto hawa wote tangu wachanga, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo na kutwa niko kwenye cherehani. Mume wangu alikuwa hotelini Bamburi. Walipunguzwa Machi, sasa anatafuta vibarua bandarini.

Jumatatu tarehe 4 Januari 2021 shule zinafunguliwa. Mume wangu anasema waende wote. Dada yangu aliye Nairobi anasema niwaweke mpaka chanjo ije. Jirani anasema korona imekwisha. Kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi kila mtu na lake, na juzi nilisoma ujumbe mpaka saa saba usiku nikazima simu nalia. Darasa la mwanangu wa Gredi ya 2 lina watoto sabini na kitu. Watakaa vipi? Wakimletea nyanya yao ugonjwa, nitamtazama vipi mume wangu? Na nikiwaweka, yule msichana ameshaanza kuuza mabuyu na viazi karai pale stejini, na juzi aliniambia shule haina faida. Nishike lipi?

Mama wa Watatu, Kisauni, Mombasa

Mwanangu, zimebaki siku chache na sitaki uzitumie kungoja maneno yangu yazunguke, kwa hiyo nakupa jibu kwanza kisha tuzungumze. Wapeleke. Wapeleke wote watatu. Lakini wiki hii, kabla ya Jumatatu, kuna kazi ya kufanya nyumbani kwako ambayo ni kubwa kuliko kununua barakoa, na kazi hiyo inamhusu nyanya yao kuliko inavyowahusu wao.

Una haki ya kuogopa. Shule zilipofungwa Machi 2020, Kenya nzima ilikuwa na wagonjwa watatu. Wa kwanza alitangazwa Ijumaa tarehe 13, Jumapili Rais Kenyatta akatoa amri, na Jumatatu watoto wa kutwa wakaamka hawana pa kwenda. Leo, mwisho wa Desemba 2020, waliothibitishwa wamepita 95,000 na waliokufa wamepita 1,600, na ndio tunaambiwa watoto warudi. Mzazi gani hatauliza imekuwaje tukafunga kwa watatu na sasa tunafungua kwa maelfu?

Jibu ni kwamba Machi hakuna aliyejua ugonjwa huu utawatenda vipi watoto. Mafua makali ya influenza, ambayo madaktari wameyazoea, hupita sana kwa watoto na wao ndio huyabeba mpaka nyumbani. Waliofunga shule walifuata walichokijua. Miezi tisa hii imeonyesha jambo jingine, na limeonekana Ulaya, Asia na hata kwetu: ukali wa korona hupanda pamoja na umri. Mtoto wa miaka mitano, wa minane, wa kumi na miwili, akiipata mara nyingi huwa ni homa ndogo na kikohozi cha siku chache, au asionyeshe lolote. Mtu mzima wa umri wa mavyaa wako, mwenye sukari na presha, ni habari nyingine kabisa. Sisemi hakuna mtoto aliyeugua sana. Wapo, na wachache wamekufa. Ninachosema ni kwamba hofu yako ni ya kweli ila umeielekeza zaidi kwa watoto, na aliye hatarini zaidi katika nyumba yako ni mama wa mumeo.

Naye hakuwa salama hata shule zikiwa zimefungwa. Mwanawe hupanda matatu kila alfajiri kwenda bandarini, na matatu za viti kumi na vinne zilizoamriwa kubeba wanane zimerudi kujaza. Wateja wako huja kupimwa nguo, mkono wako shingoni mwao, uso kwa uso. Mjukuu wake mkubwa anashinda stejini akipokea sarafu na noti za kila mpita njia. Hao wawili wadogo hawakufungiwa ndani pia. Jioni wako uwanjani na watoto wa mtaa mzima, na ni haki yao. Shule itaongeza mlango mmoja wa ugonjwa kwenye nyumba ambayo tayari ina minne iliyo wazi. Ukiwaweka watoto na kuiacha mingine ilivyo, utakuwa umewanyima masomo na mavyaa wako hukumlinda.

Sasa tuingie nyumbani mwako. Hukuniambia nani analala wapi, lakini nyumba nyingi za Kisauni nizijuazo, mtoto wa mwisho hulala na nyanya. Kama ndivyo, mhamishe usiku wa leo, asingoje Jumatatu, ili asije akaona shule ndiyo iliyomtoa kitandani mwa nyanya. Mavyaa alale peke yake, na dirisha la chumba chake liwe wazi usiku na mchana, hata kama ni kwa chandarua cha dirishani kuzuia mbu. Mchana akae barazani kwenye upepo kuliko ndani. Kwenye chakula, najua nyumba zetu ni sinia moja na mikono yote kati. Yeye apakuliwe sahani yake. Watoto wakirudi kutoka shule hawapiti kwake kwanza. Sare inavuliwa uani na kuanikwa kwenye kamba, mikono na uso kwa sabuni, maji kidogo mwilini, halafu ndio salamu. Na salamu yenyewe wampe kwa mdomo, wasimame hatua mbili. Kumbusu mkono tuliwafundisha sisi wenyewe na ni adabu nzuri, lakini kwa miezi hii adabu ni kukaa mbali na mkono ule.

Maneno haya usimwambie wewe. Mkwe akimwambia mavyaa ale peke yake na alale peke yake, hata kwa ulimi mtamu namna gani, litasikika vibaya na litakaa moyoni. Mumeo ndiye aliyesema watoto waende wote, basi na hili ni lake. Akae na mama yake, amweleze kwa nini, ataje sukari na presha bila kuzungukazunguka, na amwambie kwamba anaombwa kwa sababu anatakiwa aishi. Kisha mpeni mavyaa kazi, maana mtu mzima akiondolewa watoto mikononi ghafla hunyong'onyea. Kila jioni kijana wa Gredi ya 2 akae jamvini uani na kitabu chake, nyanya juu ya baraza, asome kwa sauti na nyanya asikilize. Hata kama mavyaa hajui kusoma, atajua mtoto amekwama wapi, na mtoto atasoma ili asikike.

Dawa zake zisikatike. Wauguzi na maafisa wa kliniki wamegoma tangu tarehe 7 mwezi huu wa Desemba, na zahanati nyingi za serikali zimebaki na mlinzi tu. Hesabu vidonge vyake leo. Kama havitoshi mpaka mwisho wa Januari, omba mumeo atenge pesa za duka la dawa kabla hajatenga za viatu vya shule. Sukari iliyotulia na presha iliyotulia ni kinga yake kubwa kuliko chupa ya sanitaiza iliyosimama mlangoni.

Nimekaa sana kwa mavyaa kwa makusudi. Sasa twende shuleni.

Jumatano au Alhamisi nenda mwenyewe. Usiulize kwenye grupu. Nenda, uingie darasani, usimame katikati na uangalie madirisha. Yanafunguka? Kuna mbao zimepigiliwa kuzuia wezi? Upepo unaingia upande huu na kutokea upande ule? Nalisisitiza hili kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea mbali na hapa mwaka huu wa 2020. Denmark walifungua shule za watoto wadogo tarehe 15 Aprili, wa kwanza Ulaya. Waliwagawa watoto makundi madogo, wakawatoa nje kwa masomo mengi, wakawanawisha mikono mara kwa mara, na maambukizi hayakulipuka kama wazazi walivyohofia. Israel walifungua shule zote Mei. Katikati ya mwezi likaja joto kali, serikali ikaruhusu wanafunzi wavue barakoa siku tatu, madarasa yakafungwa madirisha na viyoyozi vikawashwa kutwa. Katika shule moja ya sekondari ya Jerusalem, madarasa ya watu zaidi ya thelathini, wanafunzi 153 na wafanyakazi 25 walikutwa na virusi. Wale walikuwa wakubwa kuliko wanao, lakini virusi vilipata vilichokitaka: chumba kimefungwa, nyuso wazi, saa nyingi.

Kwetu Januari ni mwezi wa joto, na darasa la bati la Kisauni saa nane mchana unalijua. Kiyoyozi hatuna. Lakini tuna kaskazi. Imeshaingia, inavuma kutoka baharini kila siku mpaka Machi, na darasa lenye madirisha wazi pande mbili hubadilishiwa hewa na kaskazi bila senti moja. Ukikuta dirisha limepigiliwa mbao, mwite mwalimu mkuu hapo hapo, na siku ya pili mwende wazazi watatu na nyundo. Hilo ni jambo la saa moja.

Kuhusu sabini na kitu, sitakudanganya. Hakuna namna ya kuwakalisha watoto sabini mbalimbali katika chumba kile. Mafundi wa mitaani wametengeneza madawati mapya mengi kwa pesa za serikali, na hilo nalishukuru, lakini dawati jipya halimsogezi mtoto mbali na mwenzake kama chumba ni kile kile. Tulikuwa na miezi tisa ya kujenga vyumba, na katika shule nyingi za mjini havikujengwa. Hilo linaniuma, na tusiache kulisema kwa diwani na kwa mbunge. Ila Jumatatu mtoto anakwenda kwenye darasa lililopo, na katika lililopo bado kuna la kufanya. Kama uwanja una mwembe au mwarobaini, masomo ya kuimba, kuhesabu na hadithi yafanywe chini yake, nusu ya darasa nje na nusu ndani, kisha wabadilishane. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na nakwambia mtoto wa Gredi ya 2 husoma vizuri kivulini kuliko akiwa wa tano kwenye dawati la watu watatu. Mwalimu akisitasita, wazazi wajitolee kukaa na kundi la nje. Ongea na kamati ya wazazi kuhusu hilo na uache ugomvi wa usiku kwenye simu.

Angalia na maji. Shule isiyo na mfereji inaweza kutundika vibuyu chirizi kwenye mti au ukuta wa choo, mtungi wa lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga. Ukiona vipo, kagua: vina maji, au vilitundikwa Oktoba darasa la nane lilipofunguliwa na sasa ni vikavu? Sabuni iko? Choo kina mlango? Ningekuwa nawe hapo ningemwuliza mwalimu mkuu swali moja tu zaidi: mtoto akipata homa saa nne asubuhi, anakaa wapi mpaka mzazi afike? Mwalimu mwenye jibu la haraka amejiandaa. Asiye na jibu mpe siku mbili umwulize tena.

Na walimu hao uwahurumie. Oktoba, hapa hapa Mombasa, shule mbili za sekondari zilifungwa kwa muda baada ya walimu kukutwa na virusi, na mwezi uliofuata tukamzika mwalimu mkuu mmoja. Ni watu wazima wanaoingia chumba kile kile na watoto sabini, wengine wana sukari kama mavyaa wako. Mtoto anayevaa barakoa anamlinda mwalimu wake kuliko anavyojilinda mwenyewe, na mwambieni hivyo. Watoto hupenda kupewa mtu wa kumlinda.

Wewe ni fundi, basi barakoa zisikusumbue. Kata za pamba, tabaka tatu kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri, ndogo kwa kipimo cha uso wa kila mmoja. Barakoa ya mtu mzima ikimpwaya mtoto huishia kidevuni. Kila mtoto umshonee rangi yake ya uzi pembeni, nyekundu, kijani, buluu. Watoto hubadilishana barakoa kama wanavyobadilishana gololi, mwenye picha ya gari anampa mwenye maua, na hapo kinga imekwisha. Mwenye uzi wake ataijua yake. Mfuko mdogo wa kitambaa kwa ile safi, mwingine kwa ile iliyotumika. Huyo wa PP1, shirika hilo pamoja na UNICEF walisema Agosti kwamba wa miaka mitano kushuka chini hawahitaji kulazimishwa. Shule itaitaka, basi avae, ila mfundishe kuivua peke yake, asikimbie nayo wala asilale nayo.

Wa pumu anakwenda pia. Pumu iliyotulia si sababu ya kumweka nyumbani, lakini isiyotulia ni sababu ya kwanza kwenda kwa daktari wiki hii. Kama amekuwa akikohoa usiku, au akikimbia kidogo kifua kinapiga filimbi, atazamwe kabla ya Jumatatu, hata kwa kliniki ya kulipia. Inhela iwe mbili kama pesa inaruhusu, moja nyumbani na moja begini, na mwalimu wa darasa aonyeshwe kwa macho jinsi ya kumsaidia. Omba akae karibu na dirisha, mbali na ubao, kwa sababu ya vumbi la chaki. Siku za kwanza madarasa yatafagiliwa vumbi la miezi tisa. Omba yafagiliwe mapema na yamwagiwe maji, si Jumatatu watoto wakiwa mlangoni.

Yeyote kati yao akiamka na homa, kikohozi kipya, au akisema chakula hakina harufu, abaki nyumbani, na ndugu zake wabaki. Usimpe panadol ya kushusha homa kisha ukamfunga viatu. Najua mama anayetoka kazini hufanya hivyo, na najua kwa nini. Usifanye muhula huu. Piga 719, ni simu ya Wizara ya Afya, ueleze, na siku hizo mavyaa awe mbali naye kabisa.

Dada yako wa Nairobi anakupenda, lakini anakungojesha kitu ambacho hakiko njiani kuja kwa wanao. Chanjo zimeanza kutolewa Uingereza tangu tarehe 8 mwezi huu wa Desemba, na hiyo ya kwanza ni ya watu wa miaka 16 na zaidi. Ya watoto wadogo, mwisho huu wa 2020, bado haipo popote. Zikifika Kenya, wa kwanza kukaribia foleni watakuwa wahudumu wa afya na wazee. Kwa hiyo ngojea chanjo ya mavyaa wako, na siku ikifika mpeleke mbio. Wanao wakiisubiri wao wenyewe watapoteza na mwaka ujao. Jirani anayesema korona imekwisha usibishane naye; usimwachie tu akae chumbani kwa mavyaa akipiga soga. Na akikuambia mbona Tanzania watoto wako shuleni tangu tarehe 29 Juni, mwambie takwimu zao hazitangazwi tangu mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo hana kipimo mkononi.

Ile grupu, izime sauti. Ujumbe wa mwalimu mkuu utaupata ukifungua mara moja jioni.

Jambo lililonikalia rohoni kuliko yote umelitia mwishoni mwa barua, kwa sentensi moja. Msichana wa miaka 12 ameshaonja pesa na amekwambia shule haina faida.

Wadogo watarudi kwenye mstari. Watalia juma la kwanza, watasahau herufi, sketi na kaptura zitakuwa zimepanda juu ya magoti na itabidi ufumue upindo. Huyo wa Gredi ya 2 ndiye aliyepoteza zaidi kimasomo, maana Machi alikuwa ndio anaunganisha silabi, na vipindi vya redio vya taasisi ya mitaala, KICD, vizuri kama vilivyo, haviwezi kumwona mtoto anaposhika penseli vibaya. Dakika kumi kila jioni mbele ya nyanya zitamrudisha. Lakini msichana anayeacha darasa la sita kwa sababu ya beseni la mabuyu, mara nyingi harudi, na huondoka polepole hata nyumbani wasijue siku aliyoondoka.

Tumeliona hili mahali pengine. Sierra Leone ilifunga shule kwa sababu ya Ebola karibu miezi tisa, kama sisi, na ikafungua Aprili 2015. Walijiandaa kwa ugonjwa, na walitakiwa wajiandae: vipimajoto getini, ndoo za maji yenye klorini. Lakini katika ile miezi wasichana wengi walikuwa wameshika mimba, na serikali ikatangaza kwamba wenye mimba hawaruhusiwi madarasani. Amri hiyo ilikaa miaka mitano, ikaondolewa Machi 2020, mwezi ule ule sisi tulipofunga. Hapa kwetu sheria ni bora. Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shule, na wako machifu wa kusaidia. Ila wako hajafika huko na sitaki afike. Msichana wa miaka 12 peke yake stejini mpaka giza, anajuana na makondakta kwa majina, huyo yuko katika hatari ninayoiogopa kuliko korona darasani. Naomba uliseme hilo kwa mumeo kwa maneno hayo hayo.

Kuhusu pesa anazoleta msichana, nakuelewa. Mumeo hana kazi ya kudumu na pesa hizo ni unga na mboga. Lakini kaa na binti yako usiku mmoja mpige hesabu pamoja, yeye ndiye mwenye daftari. Mafuta, viazi, mabuyu, sukari, rangi, kinachobaki ni nini? Mwonyeshe kujumlisha na kutoa anakokufanya stejini amekujifunza wapi. Ukiona nyumba haiwezi kukosa hiyo biashara kabisa, ihamishe mlangoni kwako, Jumamosi tu, wewe ukiwa kwenye cherehani unamwona. Siku za shule beseni linalala.

Mwambie pia ukweli ambao huenda hajaujua, kwamba hatarudishwa nyuma. Wengi mtaani wamesikia mwaka umefutwa wakadhani wataanza upya na wadogo zao, na wakubwa kama yeye huona haya. Anarudi darasa lile lile la sita, muhula wa pili, pamoja na wale wale aliokaa nao Machi. Muhula ni majuma kumi na moja, unaisha tarehe 19 Machi, kisha wanapumzika na kurudi Mei. Majuma kumi na moja anaweza kuyabeba, hata akiwa hana hamu.

Jumatatu wadogo wapelekwe na baba yao. Wewe ondoka na huyu mkubwa. Atakwambia anaijua njia, na kweli anaijua, lakini nenda naye mpaka kwa mwalimu wake wa darasa. Mweleze mwalimu wazi, mtoto akisikia, kwamba miezi hii alikuwa anafanya biashara na amesaidia nyumba. Usiliseme kwa aibu. Mpe namba yako ya simu na umwombe akupigie siku ya kwanza tu atakapokosekana, asingoje ya tatu. Kisha mwulize mwalimu ameachia wapi kwenye hesabu, ili jioni hiyo hiyo mfungue daftari mjue pa kuanzia.